Njia za Msaada Huchongwa Kiangazi

Ukisimama kwenye kingo za Mto Songwe kule Kyela, ng'ambo unaona migomba na mahindi ya Malawi. Wanaolima huko ni Wangonde, na kinachosemwa nyumbani kwao Mnyakyusa anakielewa bila mkalimani. Pande hizi mbili zimeoana na kuzikana tangu enzi za mababu. Mto ndio mpaka wa nchi, lakini ukishafika tambarare, kabla ya kumwaga maji Ziwa Nyasa, una tabia ya kuhama. Mvua kubwa ikipiga huko juu Ileje na Chitipa, maji yanashuka na tope, yanabomoa kingo, yanachimba njia mpya. Shamba lililolala Tanzania linaamkia Malawi.

Mto wa namna hiyo hauwezi kudhibitiwa na serikali moja. Tanzania ikijenga tuta upande wake peke yake, maji yanasukumiwa kwa jirani. Malawi ikijenga lake, yanarudi kwetu. Na kama mvua imenyesha upande mmoja na watakaofurikiwa wako upande wa pili, taarifa lazima ivuke mpaka kabla ya maji kuvuka. Ndiyo sababu mwaka 2017 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kuanzisha Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe, na ofisi yake ikawekwa Kyela.

Nimeanza na mto huu kwa makusudi. Tukisikia redioni maneno "ushirikiano wa kimataifa katika usimamizi wa maafa", wengi wetu tunaona picha moja kichwani: ndege kubwa inatua, inashusha mablanketi na katoni za dawa, watu wenye fulana za nembo wanashika shughuli. Mambo hayo yapo, lakini yanakuja mwishoni, na ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe. Sehemu kubwa inafanyika wakati hakuna mafuriko wala tetemeko. Inafanywa na wasoma vipimo vya mvua, wanasheria, maofisa wa forodha, wataalamu wa wadudu. Siku ya maafa msaada unapita tu kwenye njia iliyokwisha kuchongwa, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tunaopakana na Zambia na Malawi kwa wakati mmoja, tuna njia hizo nyingi kuliko tunavyojua.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Janga ni tukio lenyewe: mvua kubwa, mtikisiko wa ardhi, ugonjwa, nzige. Maafa ni pale tukio hilo linapowazidi nguvu watu lililowapata, wakashindwa kujimudu kwa nyenzo zao wenyewe. Kwa maana hiyo kuna ngazi. Kinachomudiwa na kijiji hakipandi wilayani. Kinachomudiwa na wilaya hakipandi mkoani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imejengwa juu ya mantiki hiyo: kamati za maafa zinaanzia kijiji na mtaa, zinapanda hadi taifa, na uratibu wa nchi nzima uko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Aprili 2024 Mlima Kawetele ulipoporomoka na kufukia nyumba na majengo ya shule katika kata ya Itezi hapa jijini Mbeya, ngazi hizo ndizo zilizofanya kazi, wala hapakuwa na haja ya kuita mtu kutoka ng'ambo. Nchi za nje ni ngazi ya juu kabisa, na inafikiwa kwa kupandwa. Haishuki yenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Baada ya kila mkasa utasikia mtu akiuliza: mbona Umoja wa Mataifa hawakuja? Jibu liko kwenye azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1991. Linasema msaada wa kibinadamu utolewe kwa ridhaa ya nchi iliyopatwa na, kimsingi, baada ya nchi hiyo kuuomba. Hakuna jeshi la waokoaji wa dunia linalokaa mahali likisubiri kengele ya Mbeya. Kuna mataifa yenye vikosi vyao, mashirika yenye ghala na fedha zake, na utaratibu wa kuwaunganisha na serikali iliyofungua mlango. Serikali isipofungua, hawaingii. Ikichelewa kufungua, wanachelewa.

Mlango huo una bawaba nyingi kuliko saini ya kiongozi. Daktari wa kigeni anahitaji kibali cha kutibu hapa. Dawa zinahitaji kukaguliwa. Mbwa wa kunusa watu chini ya kifusi anahitaji cheti cha mifugo. Helikopta inahitaji ruhusa ya anga, simu ya setilaiti inahitaji leseni ya masafa, shehena inahitaji msamaha wa kodi. Kila kimoja ni ofisi yake, na kila ofisi isipokuwa na maelekezo ya mapema itasema "subiri". Mwaka 2007 mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ulipitisha miongozo ya kuzisaidia nchi ziandike mambo haya kwenye sheria zao kabla ya siku ya shida. Ni nyaraka zisizovutia macho hata kidogo, na mimi nazithamini kuliko picha za makabidhiano ya mablanketi, kwa sababu blanketi lililokwama forodhani wiki mbili halimfuniki mtoto yeyote.

Somo la kukosa utaratibu lilipatikana kwa uchungu. Desemba 1988 tetemeko lilipiga Armenia, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, likaua maelfu kwa maelfu. Vikosi vilikwenda kutoka nchi nyingi, kila kimoja na lugha yake na mbinu yake, bila kujua nani anaripoti kwa nani na nani amekwisha kupekua jengo lipi. Kutokana na hali hiyo, mwaka 1991 kikaundwa chini ya Umoja wa Mataifa chombo cha kuoanisha kazi ya utafutaji na uokoaji, kinachojulikana kwa kifupi INSARAG. Leo vikosi vinapimwa na kupewa daraja kabla ya kusafiri, vinapokewa na kituo maalumu uwanja wa ndege, na vinapomaliza kupekua jengo vinaandika ukutani kwa rangi alama ambazo kikosi cha nchi nyingine kinazisoma bila kuuliza.

Hata hivyo fimbo ya mbali haiui nyoka. Walio chini ya kifusi wanaotolewa wazima, wengi wao hutolewa na majirani katika saa za mwanzo, kwa majembe na mikono. Kikosi cha ng'ambo kinapotua, saa hizo zimekwisha kupita. Ndiyo maana kamati ya maafa ya kijiji ni sehemu ya ushirikiano wa kimataifa, ingawa wajumbe wake hawajawahi kuitwa hivyo. Wao ndio wanaojua nyumba ipi ilikuwa na watu, bibi gani hawezi kutembea, kisima kipi kimeingiliwa na maji. Mgeni akikosa mtu wa kumwambia hayo atagawa mahema mahali pasipo na maji ya kunywa.

Na sisi si wapokeaji tu. Machi 2019 Kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, Tanzania ilituma dawa na chakula kwa ndege za jeshi. Machi 2023 ikawa zamu ya Kimbunga Freddy, kilichozunguka Bahari ya Hindi wiki tano na kuiangukia kusini mwa Malawi. Tarehe 13 Machi Rais wa Malawi alitangaza hali ya maafa kwa mikoa ya kusini, yaani mlango ulifunguliwa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopita mlangoni hapo, ikiwa na askari wa JWTZ, unga wa mahindi, mahema na mablanketi. Zaidi ya watu 650,000 walikuwa wamekosa makazi. Nchi za SADC, ambazo Tanzania ni mmoja wao, sasa zina kituo chao cha pamoja cha dharura huko Nacala, Msumbiji, kilichozinduliwa mwaka 2021 ili jirani asianze kutafutwa kwa simu wakati paa limekwisha kung'oka.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko nyuma ya safu zetu wenyewe, bondeni Rukwa.

Mbuga zinazolizunguka Ziwa Rukwa hujaa maji masika na kukauka kiangazi. Nyasi zake na udongo wake ni mazalia ya nzige wekundu. Kuna mazalia mengine ya aina hiyo Katavi na Malagarasi, mengine Zambia, Malawi na Msumbiji, lakini Rukwa ni mojawapo ya makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 makundi yaliyoanzia kwenye mabonde haya, la Rukwa na lile la Mweru wa Ntipa upande wa Zambia, yalienea karibu Afrika yote ya kusini mwa ikweta, na baa hilo halikukatika hadi katikati ya miaka ya 1940. Mazao ya nchi ambazo hazijawahi kuliona Ziwa Rukwa yaliliwa na nzige wa Ziwa Rukwa. Kutokana na hapo mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia. Mrithi wake ni shirika la nchi za Afrika ya kati na kusini lenye makao Ndola, na Tanzania ni mwanachama.

Tazama mantiki yake. Mkulima wa Zambia analipia, kupitia serikali yake, ukaguzi wa nyasi zilizoko Tanzania. Anafanya hivyo kwa kuwa nzige akikamatwa akiwa bado mchanga, kundi dogo, mbugani, gharama ni kidogo. Akishapata mabawa na kuungana na wenzake, hakuna nchi inayomuweza. Mwaka 2009 idadi yao ilipopanda, shirika hilo pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walinyunyizia kutoka angani mbuga za Rukwa, Katavi na Malagarasi dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, ambayo inaua nzige bila kudhuru samaki na ndege. Lilikuwa jaribio kubwa la kwanza la dawa ya aina hiyo dhidi ya nzige barani Afrika, na lilifaulu. Magazeti hayakuandika sana, kwa sababu baa halikutokea. Hapo ndipo ugumu wa ushirikiano huu ulipo: serikali inatakiwa kulipa ada mwaka ambao nzige hawaonekani, wakati dawati la hazina limejaa maombi ya mambo yanayoonekana.

Hali ya hewa nayo haikutulia upande mmoja. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kaskazini na pwani wana misimu miwili, vuli na masika. Kwa mvua zake nchi yetu imekaa katikati ya kanda mbili, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inashiriki vikao viwili vya utabiri: kimoja cha nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, kingine cha nchi za kusini mwa Afrika. Utabiri wa msimu anaousikia mkulima wa Mbozi au Mufindi umepita kwenye meza ambayo wataalamu wa Zambia na Malawi nao wamekaa. Vimbunga vya Bahari ya Hindi vinafuatiliwa na kituo cha kanda kilichoko kisiwani Réunion, na onyo lake ndilo TMA inalolitafsiri kuwa tahadhari ya nyumbani, kama ilivyokuwa kwa Kimbunga Hidaya Mei 2024.

Msimu wa 2023/24 ulituonyesha kukaa katikati kuna maana gani. El Niño ileile iliyomwaga maji hadi Tanzania ikahesabu mamia ya vifo vya mafuriko na maporomoko, ndiyo iliyokausha mahindi ya Zambia shambani. Zambia ilitangaza maafa ya kitaifa mwishoni mwa Februari 2024, Malawi ikafuata Machi, Zimbabwe Aprili. Ilipofika Juni, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikubaliana na Zambia kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Aliyeweka saini upande wa Zambia ni kitengo cha maafa kilicho chini ya Makamu wa Rais. Yaani gunia la mkulima wa Vwawa au Makambako, lililopimwa kwenye ghala la serikali, lilikuwa nyenzo ya dharura ya nchi nyingine. Wapo walionung'unika kwamba jirani mwenye njaa hauziwi. Mimi sikubaliani. Biashara iliyopangwa vizuri inamfikishia mwenye njaa chakula kingi na kwa muda mrefu kuliko zawadi, na inamwachia mkulima wetu sababu ya kulima tena. Kinachostahili kulaumiwa ni mpaka unaofungwa ghafla, maana aliyenyimwa mwaka huu hatakuamini mwakani.

Kuna aina nyingine ya ushirikiano ambayo imeanza kuzoeleka: bima ya nchi. Umoja wa Afrika ulianzisha mwaka 2012 chombo kinachoitwa African Risk Capacity. Nchi inalipa ada, setilaiti inapima mvua, programu ya kompyuta inakisia ni watu wangapi watakosa chakula, na idadi ikivuka kiwango kilichokubaliwa fedha zinalipwa bila kusubiri harambee. Wazo ni zuri. Lakini jirani zetu wa Malawi walikata bima hiyo kwa msimu wa 2015/16, ukame ukaja, mamilioni wakahitaji chakula, na programu ikasema walioathirika ni wachache mno, hakuna malipo. Uchunguzi ukafanyika shambani. Ikaonekana programu ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikwisha kuhamia mbegu ya muda mfupi, ya siku tisini hivi, ambayo mvua ilikatika ikiwa kwenye hatua mbaya. Hesabu ikarekebishwa, na dola milioni 8.1 zikalipwa mwanzoni mwa 2017, wakati njaa ilikwisha kuuma miezi mingi. Bwana shamba wa Karonga angeweza kuwaambia habari ya mbegu ile siku ya kwanza. Hakuulizwa.

Kwa magonjwa utaratibu ni mfupi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi ilitaarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa hatari kwa wengine. Ugumu ni hofu: anayesema ukweli mapema anaweza kufungiwa safari na biashara. Miji ya Tunduma na Kasumulu inaishi kwa malori na abiria, na kipindupindu kilipoisumbua Malawi kuanzia 2022 kisha Zambia, dawa ya watu wa mpakani ilikuwa waganga wakuu wa wilaya za pande zote mbili kupeana habari, siyo kuzuia safari.

Milima yetu ya moto nayo inahitaji macho ya pamoja. Kyejo, kule Rungwe, ulilipuka mara ya mwisho miaka mia mbili hivi iliyopita, na majivu ya mlipuko wa kale zaidi wa Rungwe yamekutwa kwenye matope ya sakafu ya Ziwa Nyasa. Matetemeko ya Karonga ya Desemba 2009 yalibomoa nyumba Malawi na kutikisa vitanda Mbeya. Bonde la Ufa ni moja.

Nimalizie na kitu kinachopita mbele yetu kila siku. Barabara ya Iringa, Mbeya na Tunduma inabeba mafuta ya Zambia na Kongo, na kemikali za migodini. Nyuma ya malori mengi ya aina hiyo utaona kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini, yenye tarakimu nne, imetolewa na kamati ya Umoja wa Mataifa, na maana yake ni ileile Dar es Salaam, Ndola na Rotterdam. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1830 ni asidi ya salfa. Ya juu inaeleza hatari: 33 ni kimiminika kinachoshika moto upesi mno, na tarakimu zikitanguliwa na X, maji hayamwagwi. Agosti 2019 pale Morogoro watu zaidi ya mia moja walikufa kwa kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Lori likianguka Kitonga au Mlima Nyoka, kaa mbali, upande unaotoka upepo, zima jiko la mama lishe aliye karibu, piga 114 kwa Zimamoto, na wasomee namba zote mbili kama zilivyoandikwa.